Mikanda ya Nyumbani ya Injini za Mvuke Inahitaji Macho ya Tabora

Katika mikanda ya filamu za nyumbani iliyopigwa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, na ambayo wajukuu wa wapigaji wameihamishia kwenye kompyuta na kuiweka mtandaoni, injini za mvuke hujitokeza mno. Sababu yake si ngumu kuielewa. Ofisa wa serikali, mmisionari, mwalimu au mwenye duka aliyeweza kumudu kamera alisafiri kwa treni, na treni iliposimama stesheni kunywa maji alipata nafasi ya kushuka, kunyoosha miguu na kuielekeza kamera kwenye kitu kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa mbele yake. Tatizo ni kwamba mikanda hiyo ikishafika mtandaoni huandikwa majina ya kubahatisha: injini ya Tabora huitwa ya Nairobi, Kigoma hugeuzwa Kisumu kwa sababu tu ziwa linaonekana nyuma, na mwaka hutajwa kwa kukisia nguo za abiria. Ninaandika makala haya kwa sababu naamini mikanda hiyo inaweza kusomwa kwa uhakika mkubwa, na kwamba wasomaji wake bora wangali hai, wakiishi kwenye mitaa iliyo jirani na stesheni yetu.

Mkanda nitakaouzungumzia ni wa milimita 8, wa rangi na usio na sauti, na ulikuwa mali ya familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka hapa Tabora mjini kabla ya kuhama. Nimepewa nakala yake ya kompyuta pamoja na ruhusa ya kuwaonyesha watu. Unaanzia stesheni ya Tabora na kuishia bandarini Kigoma, safari ya takribani kilomita 400, iliyobanwa ndani ya dakika chache. Hauna maelezo yoyote yaliyoandikwa, na hata kasha lake lilikwisha kupotea.

Tuanze na mwaka, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapoteleza. Injini inayoonekana mwanzoni imepakwa rangi ya damu ya mzee, na namba yake inaanza na 30. Hilo peke yake ni ushahidi tosha wa mwanzo. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuziunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika, lilikuwa na utaratibu wa kuzipa injini namba ambazo tarakimu zake mbili za kwanza hutaja daraja la injini. Daraja la 30 lilikuwa la injini 26 zilizoundwa na kiwanda cha North British huko Glasgow na kuanza kazi mwaka 1955 na 1956. Zilikusudiwa Reli ya Kati hasa, ndiyo maana behewa la maji na mafuta lililozifuata nyuma lilikuwa kubwa kuliko la ndugu zake wa daraja la 31, kwa sababu nchi iliyoko kati ya Dodoma na Tabora ni kame na visima vya kuaminika viko mbalimbali. Kwa hiyo mkanda huu hauwezi kuwa wa kabla ya 1955, hata kama mavazi ya abiria yangeweza kumdanganya mtu.

Tazama tena dohani ya injini hiyo. Dohani ya kawaida ya injini ya mvuke ni ya mviringo, lakini hii ni nyembamba na ndefu kutoka mbele kwenda nyuma, kana kwamba imebanwa pande zote mbili. Huo ni uvumbuzi wa mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, ambao ulipanga vitundu vya kutolea mvuke katika mstari mmoja ili uvutaji wa hewa kwenye tanuri uwe na nguvu zaidi bila kuibana mno pistoni. Injini za Afrika Mashariki hazikuja na dohani hiyo, zilifungiwa baadaye. Hivyo mwaka unasogea mbele tena, kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1950 au baada ya hapo.

Jibu kamili, hata hivyo, halikutoka kwenye injini. Katika sehemu ya Kigoma, kwa muda mfupi sana, kamera inapita juu ya jengo la stesheni na kuonyesha bendera. Michirizi yake imelazwa mlalo: kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na kingo nyembamba za dhahabu zinazotenganisha. Hiyo ni bendera ya Tanganyika, iliyopandishwa Desemba 1961 na ambayo mwaka 1964, baada ya Muungano, ilipisha bendera ya Tanzania yenye mshazari na rangi ya buluu. Mkanda basi ni wa kati ya miaka hiyo. Nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi, kwa maana mara nyingi mtu hukaa na vipande vya namna hii bila kufika popote.

Kinachowezesha rangi za bendera kusomeka baada ya miaka zaidi ya 60 ni aina ya mkanda uliotumika. Kodachrome, ambayo kampuni ya Kodak iliitoa mwaka 1935 kwa mikanda ya milimita 16 na mwaka uliofuata kwa ile ya milimita 8, ilisafishwa kwa njia tata iliyofanyika katika maabara maalumu tu, lakini ikihifadhiwa gizani rangi zake hukaa. Mikanda mingine ya rangi ya zama zile imegeuka kuwa ya wekundu mtupu, na bendera yoyote iliyomo haiwezi tena kutambulika. Maabara ya mwisho duniani ya kusafishia Kodachrome iliacha kazi hiyo mwishoni mwa 2010, kwa hiyo aliye na mkanda uliopigwa bila kusafishwa hana tena mahali pa kuupeleka ili apate rangi zake.

Sasa nije kwenye kasi, ambayo kwangu ni jambo linalokera zaidi ya majina yaliyokosewa. Kamera nyingi za nyumbani za milimita 8 zilipiga fremu 16 kwa sekunde. Mkanda mmoja una fremu takribani 4,000, yaani zaidi kidogo ya dakika nne za maisha. Mtu akizicheza fremu hizo 24 kwa sekunde, kama filamu za sinema, dakika nne zinakuwa chini ya tatu, na kila kitu kinakimbia: gadi anapepea bendera yake kama anayefukuza nyuki, akina mama wanajongea kwa hatua za kuruka, na injini iliyokuwa ikiondoka kwa taabu na mzigo mzito inaonekana kuchomoka bila jasho. Nakala niliyopewa ilikuwa na kasoro hiyo hiyo. Nilipomwonyesha mzee mmoja, fayamani mstaafu (yaani mtunza moto wa injini) aliyeingia kazini miaka ya 1960, alitazama kidogo kisha akasema, "Mwanangu, hakuna treni iliyotoka Tabora namna hii. Huyo dereva angefukuzwa kazi." Tuliporudisha kasi ya fremu 16, alinyamaza na kuegemea mbele.

Tangu hapo sikutazama tena peke yangu. Alikuja na wenzake wawili, mmoja aliyekuwa dereva na mwingine aliyefanya kazi karakana, na kuanzia dakika ya kwanza walikuwa wakisoma vitu ambavyo mimi nilikuwa nikivitazama tu. Mvuke mweupe unaotoka kwa nguvu chini, mbele ya magurudumu, injini inapoanza kuondoka, nilidhani ni uvujaji wa chombo kilichochakaa. Wakanieleza kwamba injini ikisimama, mvuke uliobaki kwenye silinda hupoa na kuwa maji, na maji hayabanwi. Dereva asipofungua vali za chini ili yatoke, pistoni inaweza kupasua kifuniko cha silinda. Kwa hiyo wingu lile jeupe ni alama ya dereva anayejua kazi yake. Baada ya mizunguko kadhaa ya magurudumu anazifunga, na katika mkanda wetu unaona wazi wingu linakatika ghafla.

Mjadala mrefu zaidi ulikuwa juu ya moshi mweusi. Mahali fulani baada ya Tabora, kamera ikiwa imetolewa nje ya dirisha la behewa kwenye kona, injini inatoa moshi mzito mweusi unaofunika behewa la kwanza. Wapenzi wa picha za treni huupenda sana moshi wa namna hiyo, na mtandaoni hupigiwa makofi. Kwa fayamani ulikuwa aibu, maana moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua, na mafuta yasiyoungua ni masizi ndani ya mirija ya bwela (tangi la kuchemshia maji) na hasara kwa shirika. Injini za zama zile zilichoma mafuta mazito. Miaka ya nyuma zaidi reli yetu ilikula kuni, nazo zilikatwa katika misitu ile ile ya miombo inayoonekana pande zote mbili za njia. Dereva mstaafu alishikilia kwamba mpigaji picha alikuwa amemwomba dereva "apige moshi", jambo ambalo abiria wenye kamera walilifanya. Fayamani alikataa. Alisema hiyo ni kazi ya mchanga: masizi yakizidi, fayamani huchota mchanga kwa kijiko kirefu na kuuingiza kwenye tundu la mlango wa tanuri wakati injini inavuta kwa nguvu, mchanga unafyonzwa kupita ndani ya mirija na kuikwangua, na uchafu wote hutoka juu kwa mkupuo. Tukarudisha mkanda nyuma. Moshi unadumu kidogo, unakatika, unarudi tena, kisha dohani inatoa hewa safi isiyoonekana kabisa. Dereva akacheka na kusema, "Haya, umeshinda." Mimi nimeandika kwenye kumbukumbu za mkanda kwamba hapo ni usafishaji wa mirija kwa mchanga, na sijui mtu yeyote aliye mbali na reli ambaye angeweza kuandika hivyo.

Kuna mambo mengine ambayo kamera yenyewe imeyaleta, na ni vizuri msomaji ayafahamu asije akaipa reli lawama isiyo yake. Magurudumu yanayoonekana kuzunguka kinyumenyume ni matokeo ya fremu 16 kukutana na kasi ya magurudumu, wala treni haikuwa ikirudi nyuma. Vipande vinavyokatika kabla injini haijafika karibu husababishwa na springi: kamera hizo hazikuwa na betri, zilijazwa ufunguo kwa mkono, na springi ilikwisha nguvu baada ya muda usiozidi sana nusu dakika. Na ule mwanga wa machungwa unaofunika picha katikati ya safari, ambao kijana mmoja aliniuliza kama ni moto wa msituni, unatokana na muundo wa mkanda. Mkanda wa milimita 8 wa aina ya zamani ulikuwa na upana wa milimita 16. Ulipigwa upande mmoja, kisha mpigaji akaufungua, akaugeuza na kupiga upande wa pili, halafu maabara ikauchana katikati na kuunganisha vipande. Alipougeuza ndani ya behewa lenye mwanga wa jua, mwisho wa upande mmoja na mwanzo wa mwingine uliungua. Kwa kuwa mwanga huo unatokea baada ya Kaliua, na picha inayofuata ni ya Uvinza, tunajua pia kwa nini Usinge, Nguruka na daraja la Malagarasi havimo. Nasikitika kuhusu Malagarasi. Mabwawa yale na njia ya reli inayopita juu ya maji ndiyo sehemu ambayo ningependa kuiona kuliko zote.

Kaliua imetambuliwa na wazee wangu kwa mpangilio wa njia, kwa kuwa hapo ndipo tawi la Mpanda linapoachana na njia ya Kigoma. Tawi hilo lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Urambo inapita haraka sana, na mtu asingejua kwamba miaka kumi na kitu kabla ya hapo stesheni hiyo ilikuwa ikishushiwa matrekta ya ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanguka. Uvinza kuna chumvi, na wazee waliona mabehewa ya chumvi yaliyosimama pembeni kabla mimi sijaona kibao cha stesheni.

Kigoma inastahili kutazamwa bila haraka. Treni inashuka kuelekea ziwani, kwa sababu Tabora iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200 na ziwa liko chini ya mita 800, na mpigaji ameshuka na kwenda hadi bandarini. Hapo kuna picha moja ambayo ndiyo sababu ya mimi kuhangaika na mkanda huu. Mbele, injini ndogo inasukuma mabehewa kwenye njia za bandari, ikitoa moshi. Nyuma yake, kwenye gati, MV Liemba nayo inatoa moshi kwenye dohani yake. Vyombo viwili vya mvuke katika fremu moja, vyote viwili vya shirika moja, kwani reli ndiyo iliyoendesha pia meli za ziwa. Historia ya meli hiyo imefungamana na njia ya reli: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam, na vipande vyake vikaja kwa reli ambayo ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Wajerumani waliizamisha kwa makusudi mwaka 1916 walipokuwa wakikimbia, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Ilibaki kuwa ya mvuke hadi miaka ya 1970, ilipowekewa injini za dizeli. Kwa hiyo moshi wa dohani ile ni kitu ambacho kijana wa leo wa Kigoma, hata kama ameiona Liemba maisha yake yote, hakukiona.

Katika mkanda mzima hakuna mtu hata mmoja aliyepigwa kwa makusudi isipokuwa watoto wa familia yenyewe, waliosimamishwa kando ya injini wakiwa wamevaa viatu vipya. Wengine wote wako pembeni. Mtu aliye juu ya behewa la maji akishika bomba la mnara wa maji anakatwa kichwa na ukingo wa picha. Watu wa njia waliosimama na nyundo zao karibu na mataruma wanapita kwa sekunde chache. Abiria wa daraja la tatu wanaonekana kupitia madirisha kama vivuli. Simlaumu mpigaji, kwani alikuwa na dakika nne tu na mkanda ulikuwa ghali. Lakini wazee walipoanza kuzungumza waliacha injini na kuwaendea watu hao wa pembeni. Waliposimamisha fremu yenye kijana aliyebeba taa na kitabu, wakaniambia huyo si gadi. Kwa mavazi yake, na kwa saa inayoonyeshwa na jua, anaelekea kuwa yule wa kuzungukia nyumba za madereva na mafayamani kuwaamsha na kuwasainisha kwamba wameitwa kazini. Kazi hiyo sijaiona imetajwa katika maelezo ya mkanda wowote.

Ndiyo maana nadhani mtindo wa kubandika sauti za kuazima kwenye mikanda hii isiyo na sauti ni upotevu. Nimeona mkanda wa Reli ya Kati uliopewa mlio wa injini ya abiria ya Uingereza, ikidunda haraka kama ngoma ya harusi, wakati injini ya daraja la 30 ina silinda mbili na hutoa midundo minne kwa kila mzunguko wa magurudumu, ambayo mtu anaweza kuihesabu kwenye picha na kuona kwamba sauti hailingani. Kama ni lazima pawe na sauti, basi iwe ya wazee wakizungumza. Sisi tunaucheza mkanda kwa kasi yake sahihi, tunausimamisha wanapotaka, na simu inarekodi mazungumzo kwenye faili la pembeni lenye muda wake, ili mkanda ubaki kama ulivyo na maelezo yaweze kusahihishwa na mwingine. Nimeambiwa na rafiki kwamba injini moja ya daraja hilo, namba 3020 yenye jina la Nyaturu, iko kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Hilo ni kweli, na ni jambo jema kwamba imehifadhiwa, ingawa huniuma kidogo kwamba mtoto wa Singida lazima avuke mpaka ili aone jina la watu wake kwenye chuma.

Kwa walio na mikanda majumbani, hasa familia zilizowahi kuishi Urambo, Kaliua, Mpanda na Kigoma, naomba msiicheze kwenye projekta ya zamani hata kama bado inawaka. Mkanda wa umri huo umesinyaa, vitundu vyake havilingani tena na meno ya mashine, na meno hayo yatauchana. Ukifungua kasha ukasikia harufu ya siki, maana yake plastiki ya mkanda imeanza kuoza na kutoa asidi, na harufu hiyo ikianza haizuiliki, hupunguzwa kasi tu. Utenge mbali na mingine, uweke mahali pa baridi na pakavu, na uwe wa kwanza kupelekwa kupigwa picha fremu kwa fremu. Msitupe makasha wala bahasha za maabara, kwa sababu mara nyingi muhuri wa tarehe uko hapo. Na mtakapopata nakala, mwambieni fundi aiache katika fremu 16. Sisi tunatafuta hasa kipande chochote kinachoonyesha daraja la Malagarasi au tawi la Mpanda wakati wa mvuke, na wazee wamesema wako tayari kukaa nacho jioni yoyote.